UPINDE NA MWILI WA BINADAMU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kumwamkia babu yangu mkoani Singida. Zamani za ujana wake babu alikuwa akilinda shamba la mtama kwa upinde, maana nyani na ngiri walikuwa wengi. Jioni moja alinishushia upinde ule kutoka darini, akaniambia nijaribu kuuvuta. Mimi ni mlinda mlango wa timu ya bweni letu, na mikono yangu si dhaifu. Nikaona hilo ni jambo dogo. Nikaukamata, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ugwe ukafika nusu ya njia ukagoma, na mkono wangu ukaanza kutetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Babu akacheka. Akauchukua, akauvuta polepole mpaka ugwe ukagusa kidevu chake. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, wewe wavuta kwa mkono. Upinde huvutwa kwa mgongo."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Lakini muhula ulipoanza, mwalimu wetu wa Baiolojia alituonyesha kiunzi cha mifupa katika maabara, akatufundisha jinsi mfupa wa bega unavyoshikwa na misuli. Hapo nikatambua ya kuwa babu, ambaye hakupita darasa la nne, alikuwa amelisema somo zima kwa maneno manne tu. Tangu siku ile nimesoma, nimemwuliza mwalimu maswali mengi, na nimefanya majaribio pamoja na mwenzangu mmoja, ambaye habari yake nitaieleza mwishoni. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha mambo matatu: jinsi mwili unavyouvuta upinde, jinsi upinde unavyoubadili mwili, na jinsi upinde ulivyopata kuwa dawa kwa watu ambao wengine walikwisha kuwakatia tamaa.

1. MSULI HUVUTA, HAUSUKUMI

Kabla ya kushika upinde yatupasa kukumbuka kanuni tatu za mwili.

Kwanza, msuli una kazi moja tu, nayo ni kujikunja ukawa mfupi na kuvuta mfupa ulioshikamana nao. Hakuna msuli uwezao kusukuma. Hata unaposukuma mlango, ndani ya mkono wako kuna misuli inayovuta. Kwa sababu hiyo misuli mingi imewekwa miwili miwili: mmoja hukunja kiungo, na mwenzake hukinyoosha. Msuli ulio mbele ya mkono wa juu hukunja kiwiko; ule ulio nyuma yake hukinyoosha.

Pili, kadiri msuli unavyokuwa mnene ndivyo unavyokuwa na nguvu. Misuli ya vidole ni myembamba. Misuli ya mgongo ni mipana na minene.

Tatu, msuli huchoka, bali mfupa hauchoki. Mfupa uliosimama sawasawa hubeba mzigo kama nguzo ya nyumba, bila kutumia chakula wala hewa.

Basi ustadi wote wa kuvuta upinde ni huu: kuuhamisha mzigo kutoka misuli midogo kwenda kwenye misuli mikubwa, na kuuegemeza juu ya mifupa. Mtu asiyefanya hivyo atatetemeka, hata akiwa mlinda mlango.

2. UZITO WA UPINDE NI NINI?

Watu husema, "Upinde huu una kilo 20." Hawana maana kwamba ukiuweka katika mizani utapata kilo 20. Maana yake ni nguvu inayohitajiwa kuuvuta mpaka mwisho. Waweza kuipima wewe mwenyewe. Tundika upinde kwa kishikio chake kwenye tawi la mti, ugwe ukiwa upande wa chini. Ning'iniza ndoo katikati ya ugwe, kisha tia maji kidogo kidogo mpaka ugwe ushuke kiasi kile kile ambacho mpigaji huuvuta. Uzito wa ndoo na maji yake ndio uzito wa upinde.

Pinde nyingi za wanaume katika Michezo ya Olimpiki huwa na kilo 20 au zaidi kidogo, yaani kama ile ndoo kubwa ya lita 20 tunayoibeba kutoka bombani. Katika duru ya kwanza ya mashindano hayo kila mtu hupiga mishale 72. Tukizidisha 72 kwa 20 tunapata kilo 1,440, karibu tani moja na nusu, mbali na mishale ya mazoezi. Hapana mkono uwezao kufanya kazi hiyo peke yake na bado ukatulia.

3. HATUA ZA KUVUTA

(a) Miguu. Mpigaji husimama ubavu wake ukielekea shabaha, miguu ikiachana kwa kiasi cha upana wa mabega, na uzito ukigawanyika sawa. Kazi ya miguu ni kuuweka mwili imara tu, haisaidii kuvuta. Nakuomba msomaji ulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

(b) Mkono wa upinde. Mkono huu hunyooshwa mpaka mifupa yake, kuanzia kiganja hadi bega, ifuatane katika mstari mmoja. Jaribu hivi: simama karibu na ukuta, uegemee kwa mkono mmoja ulionyooka, waweza kukaa hivyo muda mrefu. Sasa kunja kiwiko kidogo tu, ukae vile vile. Mara moja utasikia msuli wa nyuma ya mkono ukiungua. Mwanzo mfupa ndio uliobeba; sasa ni msuli.

(c) Mkono wa ugwe. Ugwe hushikwa kwa vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete. Watu wengi hawajui ya kuwa misuli mikubwa inayovikunja vidole haimo vidoleni, bali imo katika kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Shika kigasha chako kisha ukunje ngumi, utaisikia ikicheza. Vidole, basi, ni kulabu tu. Kifundo cha mkono hunyooka, nacho kiwiko hurudi nyuma mpaka kiwe katika mstari mmoja na mshale.

(d) Mgongo. Hapa ndipo penye siri ya babu. Nyuma ya bega kuna mfupa bapa wa pembe tatu, ambao wazee huuita kombe la mkono. Mfupa huu haukuungwa na mbavu. Huteleza juu yake, ukishikwa na misuli iliyotoka shingoni, katika uti wa mgongo na kiunoni. Mpigaji stadi anapofika mwisho wa kuvuta, huvuta makombe yake mawili yakaribiane, kana kwamba anataka kubana kalamu kati yake. Mkono hauongezi nguvu tena. Ni mgongo unaokaza. Jaribu ukiwa umekaa kwenye dawati: inua viwiko viwili usawa wa mabega, kisha uvirudishe nyuma. Utaona kidari chako kimefunguka na mgongo umefanya kazi, hali viganja vimelegea.

(e) Jicho na pumzi. Watu wengi wana jicho moja linalolitawala jingine. Ili ulijue, nyoosha mikono, uache tundu dogo kati ya viganja, uangalie kitu kilicho mbali kwa macho yote mawili. Sasa funga jicho moja, kisha jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo jicho lako kuu, na ndilo linalofaa kulenga. Hata hivyo jicho si kila kitu. Mwaka 2012, huko London, Im Dong-hyun wa Korea ya Kusini alipata pointi 699 kati ya 720, nayo ilikuwa rekodi ya dunia siku ile, ilhali jicho lake la kushoto lilikuwa na uwezo wa moja ya kumi tu ya jicho zima. Mwili wake ulikuwa umejifunza mahali pake. Ama pumzi, mpigaji huvuta hewa wakati wa kuinua upinde, huitoa kiasi, kisha huituliza wakati wa kulenga, ili mbavu zisiinue mabega.

(f) Kuachia. Ugwe hauachiwi kwa kufungua vidole kwa nguvu. Ile misuli ya kigasha hulegezwa tu, na ugwe wenyewe huvisukuma vidole na kwenda zake.

Labda msomaji atauliza, kwa nini uangalifu wote huu? Hesabu itajibu. Shabaha ya Olimpiki iko mbali mita 70, karibu sawa na upana wa uwanja wa mpira. Duara la katikati, lenye pointi 10, lina upana wa sentimita 12.2, dogo kuliko kisahani cha kikombe cha chai. Tuseme mshale wako una urefu wa sentimita 70. Mita 70 ni mara 100 ya urefu huo. Basi ncha ya mshale ikisogea milimita 1 tu upande wakati wa kufyatua, kule mbele utapotoka milimita 100, yaani sentimita 10, nawe umelikosa duara lile. Ndiyo maana mkono unaotetemeka hauna faida, hata ukiwa na nguvu za fahali.

4. UPINDE NAO UMEUMBWA KAMA MWILI

Ukiupinda ufito, upande wa nje hunyooshwa na upande wa ndani hubanwa. Mtengenezaji wa upinde hutafuta kitu kinachostahimili kunyooshwa akiweke nje, na kinachostahimili kubanwa akiweke ndani. Waturuki na Wamongolia wa zamani walitengeneza pinde zao kwa ufito mwembamba wa mti katikati, pembe ya mnyama upande wa ndani, na kano za wanyama zilizobandikwa kwa gundi upande wa nje. Gundi yenyewe ilipikwa kutokana na ngozi au samaki. Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi bado huwinda kwa upinde, na ugwe wao ni wa kano za wanyama.

Tukitazama vizuri tutaona kwamba mwili umefuata kanuni iyo hiyo: mifupa ya kubanwa, kano za kunyooshwa. Mtu anapouvuta upinde, ni kama pinde mbili zimekabiliana, moja ya mti na moja ya nyama na mifupa.

5. UPINDE HUACHA ALAMA MIFUPANI

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mfupa wa kijana ni samaki mbichi. Mahali unapopata kazi nyingi, huongeza unene. Mahali pasipo kazi, hupungua. Wachezaji wa tenisi walioanza wakiwa watoto huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono ule wa kuchezea kuliko mkono wa pili.

Ushahidi wa ajabu ulitoka baharini. Tarehe 19 Julai 1545, meli ya vita ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, jina lake Mary Rose, ilizama karibu na bandari ya Portsmouth. Ilikaa katika tope kwa zaidi ya miaka 400, hata ilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982. Tope lile lilikuwa limehifadhi pinde, maelfu ya mishale, na mifupa ya watu wasiopungua 179. Wataalamu walipozichunguza pinde zile walikadiria kwamba zilihitaji nguvu ya kilo 45 hadi 80 na zaidi kuzivuta. Mfuko wa saruji una kilo 50. Watu wale, basi, walikuwa wakivuta mfuko wa saruji na zaidi kwa vidole vitatu.

Mtaalamu wa mifupa Ann Stirland aliichunguza mifupa ile. Katika ncha ya juu ya kombe la mkono kuna kipande kidogo ambacho kwa mtoto ni gegedu, nacho kwa kawaida huungana na mfupa wote mtu anapofikia umri kati ya miaka 18 na 25. Bi. Stirland aliona kwamba katika mabega ya watu wa Mary Rose kipande hicho hakikuungana kwa wengi kuliko ilivyo kawaida. Alieleza kwamba huenda sababu yake ni kuvuta pinde nzito tangu utotoni: misuli ilikuwa ikikivuta kipande kile kila siku, kikakosa nafasi ya kushikamana. Kila mmoja wao alikuwa nani hatuwezi kusema, maana mifupa haina majina. Lakini twajua ya kuwa tangu mwaka 1363 mfalme wa nchi ile alikuwa ameamuru wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu.

Katika kusoma habari hizo nilikutana na jambo lililonifurahisha sana. Mwaka 1549 padre mmoja Mwingereza, Hugh Latimer, mtoto wa mkulima, alihubiri mbele ya mfalme, akasimulia jinsi baba yake alivyomfundisha upinde. Alisema alifundishwa kuuweka mwili wake wote ndani ya upinde, wala si kuvuta kwa nguvu za mikono. Tena alinunuliwa pinde kulingana na umri na nguvu zake, akapewa kubwa zaidi kadiri alivyokua. Mzee wa Uingereza wa karne ya kumi na sita na babu yangu wa Singida hawakupata kujuana. Walifundishwa na mwalimu mmoja, ndio mwili.

Hapa pana onyo kwetu wanafunzi. Mifupa yetu bado inakua. Kijana anayetaka kujifunza aanze na upinde mwepesi, awezao kuuvuta na kuushikilia bila kutetemeka huku akihesabu mpaka 10. Kuvuta upinde mzito kwa ajili ya majivuno ni kujitafutia bega bovu.

6. HOSPITALI ILIYOTIBU KWA UPINDE

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe wa mishipa ya fahamu, ulioshuka kutoka katika ubongo. Ugwe huo ukikatika mahali fulani, amri za ubongo hazifiki chini ya mahali pale, na viungo vya chini hupooza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi walioumia hivyo walikufa baada ya muda mfupi, kwa vidonda vya kulala sana na maradhi ya njia ya mkojo. Hata madaktari wengi waliwakatia tamaa.

Mwaka 1939 daktari Myahudi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, alikimbilia Uingereza kuuepuka utawala wa Hitler. Mwaka 1944 alipewa kuongoza kituo cha askari walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakukubali wagonjwa walazwe tu wakingoja kufa. Aliwaamuru wageuzwe kila baada ya saa chache, wakae, wafanye kazi, na wacheze. Miongoni mwa michezo aliyoichagua, mmoja ulikuwa upinde.

Kwa nini upinde? Kumbuka nilivyosema: miguu haisaidii kuvuta. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Katika mgongo kuna msuli mpana kuliko yote, unaoanzia kiunoni na kwenye uti wa mgongo, ukapanda mpaka kushika mfupa wa mkono wa juu. Msuli huu, ingawa umeshuka hadi kiunoni, hupata mishipa yake ya fahamu kutoka shingoni. Kwa hiyo mtu aliyekatika ugwe katika usawa wa kidari hupooza tumbo na miguu, lakini msuli ule hubaki hai. Ni kama daraja lililounganisha sehemu iliyokufa ganzi na sehemu iliyo hai. Msuli huo ukipata nguvu, mtu aweza kukaa wima bila kuanguka. Na kuvuta upinde huutia nguvu msuli huo pamoja na wenziwe wote wa mabega na mgongo.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Daktari Guttmann aliwapanga askari 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, katika uwanja wa hospitali, wakiwa juu ya viti vya magurudumu, wakashindana kwa upinde. Kutokana na mashindano hayo madogo ilizaliwa michezo ambayo leo dunia yote huiita Paralimpiki. Mwaka 1960 ilifanyika Rome, ikahudhuriwa na wanamichezo wapatao 400. Mmoja wao alikuwa Margaret Maughan, mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Malawi, ambayo wakati huo iliitwa Nyasaland, na akaumia mgongo katika ajali ya gari mwaka 1959. Mwaka mmoja tu baada ya ajali ile alipata medali ya dhahabu kwa upinde. Mwaka 2012 yeye ndiye aliyewasha moto wa Paralimpiki ya London.

Naye Neroli Fairhall wa New Zealand mwaka 1984 alishindana katika Olimpiki yenyewe huko Los Angeles, pamoja na watu wazima wa miguu, akiwa katika kiti cha magurudumu. Alipoulizwa kama kukaa kulimpa nafuu, alijibu kwamba hajui, maana hajapata kupiga akiwa amesimama.

Tena mambo hayakuishia kwenye miguu. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Hushika upinde kwa mguu na kuvuta ugwe kwa bega. Mwaka 2024 huko Paris alipata dhahabu. Katika michezo iyo hiyo, msichana wa Kihindi Sheetal Devi, aliyezaliwa naye bila mikono, alipata medali ya shaba pamoja na mwenzake. Umri wake siku ile ulikuwa miaka 17, sawa na wangu leo. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya.

7. MAJARIBIO YETU

Mwenzangu niliyemtaja mwanzoni amenipa ruhusa nieleze habari yake bila jina. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Katika likizo ya kidato cha pili alipata ajali ya pikipiki, akavunjika nyonga, na tangu hapo hutembea kwa magongo. Kila siku ya michezo sisi hukimbia uwanjani, naye hukaa chini ya mwembe akituwekea masweta, saa na viatu. Hakuna aliyempa kazi hiyo, ilimjia tu. Miaka miwili hatukuifikiri, hata mimi niliye rafiki yake.

Babu alinichongea upinde mwepesi wa mti wa mkole, wenye ugwe wa katani. Tuliupima kwa ndoo tukapata kilo 9. Mwalimu wa Baiolojia akatupa ruhusa tujaribu Jumamosi asubuhi nyuma ya shamba la shule, yeye mwenyewe akisimamia. Shabaha ilikuwa gunia lililoshindiliwa majani makavu, nasi tulikuwa hatua 15 kutoka hapo.

Siku ya kwanza nilipiga mishale 10, nikapata 4. Mwenzangu alikaa juu ya kiti cha bwalo la chakula. Kiti kikayumba, akapata 2. Tukachimba, tukafukia miguu ya kiti kidogo ardhini, akapata 3. Lakini mwalimu alitazama jambo jingine. Akasema, "Tazameni mkono wake wa upinde." Wangu ulikuwa ukicheza. Wake ulikuwa umetulia kama tawi.

Sababu yake ni magongo. Mtu atembeaye kwa magongo huuinua mwili wake kwa kunyoosha viwiko na kukandamiza chini. Kazi hiyo hufanywa na msuli wa nyuma ya mkono, pamoja na ule msuli mpana wa mgongo. Miaka miwili, kila alipokwenda darasani, bwaloni na bwenini, mwenzangu alikuwa akifanya mazoezi ya upinde bila kujua. Sisi tulimwona ni mtu aliyepungukiwa miguu. Hakuna aliyeona alivyoongezeka mgongo.

Baada ya Jumamosi sita mimi nilipata 6 kati ya 10, naye akapata 8. Siku hiyo palikuwa na joto. Kabla ya kuanza alivua sweta lake, akalitazama kidogo, kisha akanitupia akasema, "Nishikie." Nikalishika mpaka alipomaliza.

8. OMBI

Mwezi wa Novemba sisi wawili tutafanya mtihani na kuondoka. Lakini chini ya mwembe ule nimekwisha kumwona mtoto wa kidato cha kwanza mwenye tatizo la mguu, ameanza kukusanya masweta. Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi wetu wafikiri kutenga mahali pa kupigia upinde katika shule yetu. Gharama yake si kubwa: magunia, majani, mti wa mkole, na kiti kisichoyumba.

Najua mzazi ataogopa, na hofu yake ni ya haki, maana mshale ni silaha. Lakini kanuni chache zikishikwa, hatari huzuilika: wote wasimame nyuma ya kamba moja, asiwepo mtu wala njia nyuma ya shabaha, upinde usielekezwe kwa mtu hata bila mshale, mishale iokotwe kwa filimbi ya mwalimu tu, na pinde zifungiwe ofisini, wala si bwenini.

Wahenga walisema, kabla hujafa hujaumbika. Msemo huu mara nyingi twautumia kama onyo, kwamba yeyote aweza kupata kilema. Mimi baada ya kujifunza haya nauona una maana ya pili: kwamba mwili huendelea kuumbwa na kazi tuupayo, hata baada ya kuumia. Yatupasa kuupa kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini twasema msuli huvuta wala hausukumi?
2. Upinde wenye kilo 12 ukivutwa mara 30, jumla ya uzito uliovutwa ni kilo ngapi?
3. Eleza kwa nini mtu aliyepooza kuanzia kidarini chini aweza bado kuutumia ule msuli mpana wa mgongo.
4. Katika shule au mtaa wako, ni nani ashikaye masweta ya wenzake siku ya michezo? Je, umepata kumwuliza angependa kucheza nini?